Na Yule wa Nyuma, Alisikia?

Nilikasirika kabla pilau haijafika mezani. Tulikuwa Hola, katika ukumbi wa kukodi si mbali na ofisi za kaunti, watu kama sitini, viti vimevishwa vitambaa vyeupe na riboni za kijani, na Jilo ameketishwa mbele ndani ya suti iliyombana mabegani. Alikuwa anastaafu. Maisha yake yote ya kazi yamepita katika karakana ya pampu za umwagiliaji; aliingia mwanafunzi, anatoka mkuu, na hilo silikatai, maana mikono ya Jilo ni mizuri na nimeiona ikifanya kazi. Kilichonikasirisha ni mshereheshaji, kijana wa sauti kubwa aliyepewa karatasi ya historia ya mgeni wa heshima asome. Alipofika kwenye mtihani wa Kulesa akasema, "Siku hiyo mzee wetu alishindana na msichana mmoja, na huyo msichana, jamani, akasahau kutoa hewa kwenye dizeli." Ukumbi ukacheka. Watu wa meza yangu walicheka pia, kwa sababu hawakujua kwamba msichana mwenyewe ndiye waliyekuwa wanampitishia bakuli la kachumbari.

Sikusahau. Naliandika hili hapa juu kabisa ili asiyetaka kusoma zaidi aondoke nalo. Mtu akiniambia nilishindwa, nitamsikiliza. Mtu akiniambia nina hasira za karibu, nitakubali, na wanangu watakuwa mashahidi wake. Lakini kuniambia mimi nilisahau kutoa hewa kwenye injini ya dizeli ni sawa na kumwambia Mpokomo wa Kulesa amesahau njia ya mtoni. Na ili mjue kwa nini naapa hivyo, lazima nirudi Garsen, kwenye hoteli ya Mama Fatuma, mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na mbili na nilipoingiwa na wazimu wa kutazama mbio za magari.

Hoteli ile ilikuwa karibu na njia panda, mahali yanapopumzikia malori ya ng'ombe. Ukumbi wake ulikuwa na mabenchi marefu, kuta zimepakwa rangi ya buluu hadi kiunoni na chokaa kutoka hapo kwenda juu, na televisheni imefungiwa ndani ya kizimba cha chuma karibu na dari kama vile ingeweza kuruka. Juu ya paa kulikuwa na dishi. Nyuma ya jiko, ndani ya kibanda cha mabati, kulikuwa na jenereta ya dizeli ya kuzungusha kwa hendeli, na jenereta hiyo ndiyo ilinipa heshima. Niliajiriwa kupika chai na wali, lakini yule aliyekuwa akiiwasha alihama, na wengine wote waliogopa hendeli yake isije ikawavunja mkono. Mimi sikuogopa. Basi nikawa mpishi na fundi umeme kwa mshahara wa mpishi, na mahali pangu pa kutazamia televisheni pakawa dirisha la jikoni, lile la kupitishia sahani, kwa sababu Mama Fatuma hakutaka msichana akae benchi moja na madereva wa malori. Dunia yote ya langalanga nimeiona kupitia tundu lenye upana wa sinia, huku nyuma yangu samaki wanakaangwa.

Langalanga, kwa asiyeijua, ni yale magari yaliyolala chini karibu yaguse lami, magurudumu yake yakiwa nje, wazi, bila bodi ya kuyafunika, na dereva amezama katikati hadi kinachoonekana ni kofia tu. Jumapili ya kwanza niliyachukia. Yalizunguka kwenda yalikotoka, mara sitini, kwa kelele ya nyigu, na wazungu wakayashangilia. Aliyechukia zaidi yangu alikuwa Abba Godana, Mworma, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye kila Jumapili alikuja kungoja lori lake akala nyama, akanywa chai ya maziwa vikombe vitatu na kubishana na kila kitu alichokiona. Si kwamba alikuwa na hekima. Alikuwa mbishi tu, na ubishi wake ulinichekesha. "Naenda wapi hii?" aliniuliza siku ile, akigeukia dirisha langu, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba nasikia Kiingereza cha mtangazaji. Nikamwambia hayaendi popote. "Basi kwa nini naharakisha?" Halafu gari moja likaingia kando kubadilishiwa magurudumu, na mimi nikaacha chai ikachemka hadi ikafurika jikoni.

Kulikuwa na watu wamepiga magoti kabla gari halijafika. Hilo ndilo lililonishika. Hawakusubiri gari lije ndipo waulizane nani ashike nini, kama tulivyozoea sisi kwenye harusi, kwenye msiba na kwenye kila kazi ya pamoja. Huyu alikuwa na nati yake moja, yule alikuwa na gurudumu lake moja, yule mwingine alikuwa wa kuinua mbele tu. Hakuna aliyezungumza. Nilikuwa sijashusha pumzi na gari lilikuwa limekwenda. Tangu siku hiyo madereva hawakunihusu sana. Waliendesha, walilipwa, walinyunyiziana vinywaji. Mimi niliwatazama wale waliopiga magoti. Nilianza kupanga jikoni kwangu vile vile, sahani hapa, upawa pale, kila kitu upande wa mkono utakaokishika, na Mama Fatuma akasema wateja wanahudumiwa haraka mpaka wanamaliza kula mapema na kuondoka bila kuagiza chai ya pili.

Lakini msidhani ilikuwa raha. Kuipenda langalanga ni kujitafutia karaha kwa hiari yako. Unakaa saa nzima unatazama magari yamefuatana bila hata moja kumpita mwenzake, kwa sababu lililo nyuma linapokaribia linanyimwa upepo na lile la mbele, na wahandisi wenye akili zote hizo wanatengeneza vitu vya kuzuia mchezo wao wenyewe. Anayeshinda leo ndiye aliyeshinda juzi, kwa kuwa tajiri wake ndiye mwenye mashine bora. Mtu akitangulia kwa jasho lake, kunatokea ajali nyuma, linaingia gari la usalama, wote wanarudishwa wamfuate karibu kabisa, na ule mwanya alioutafuta mchana kutwa unafutwa. Abba Godana aliposhuhudia hayo kwa mara ya kwanza alisimama akalijia dirisha langu kana kwamba mimi ndiye niliyelituma gari lile. "Hii mtu natangulia. Kwa nini narudisha yeye?" Na siku nyingine tulisherehekea mshindi, tukazima, na Jumapili iliyofuata tukaambiwa waamuzi walikaa ofisini baadaye wakamnyang'anya. Zaidi ya yote hayo walikuwapo vijana wa mpira. Mechi ilianza mbio zikiwa zimebaki mizunguko ishirini, na hapo ndipo walipoanza. "Mathee, geuza bana, hizi gari zitarudi tu," walimwambia Mama Fatuma, naye, kwa kuwa wao walikuwa thelathini na wapenzi wa langalanga tulikuwa wawili, aligeuza. Kuna mashindano ambayo hadi leo sijui yaliishaje.

Na kulikuwa na jenereta. Mama Fatuma alitia dizeli kwa kukisia, na ikawa karibu kila Jumapili inakata katikati ya mbio. Injini ya dizeli ikiishiwa mafuta, kuongeza mafuta peke yake hakutoshi. Hewa inakuwa imeingia kwenye mrija, na mpaka uilegeze nati ndogo iliyo karibu na pampu yake ya mafuta, usukume dizeli itoke pamoja na povu, usubiri povu liishe itoke safi, ndipo uikaze nati, unaweza kuzungusha hendeli hadi kesho isiwake. Mwanzo nilipokuwa nikikimbia kibandani nilikosa mizunguko tisa. Abba Godana ndiye aliyenihesabia. Umeme uliporudi alitazama namba ya mizunguko pale kwenye kona ya kioo na kunitangazia aibu yangu mbele ya watu. Nikaanza kuiweka spana juu ya kibao chake, kitambaa upande wa kushoto, kopo la kukingia chini. Mizunguko sita. Minne. Kufikia katikati ya mwaka nilikosa miwili tu, na Abba Godana akasema, bila kutabasamu, kwamba wale wazungu wangeniajiri. Huyo ndiye msichana aliyesahau kutoa hewa.

Jilo nilimjua wakati huo. Alikuwa mwendesha pampu wa kikundi cha wakulima wa Kulesa, amenizidi miaka kadhaa, mpole, si mtu wa maneno, na alikuja Garsen kununua dizeli na kunywa chai kwenye dirisha langu. Mwaka uliotangulia pampu yao ilimezwa na mto. Maji ya Tana yakipanda hayakupi muda wa mkutano, na wao walifanya mkutano. Huyu alisema ivutwe kwa kamba, yule alisema ifunguliwe kwanza, na walipokubaliana pampu ilikuwa chini ya maji ya tope. Nilimwambia Jilo kile nilichokiona kwenye televisheni. Nilikwenda Kulesa siku zangu za mapumziko, nikawachukua akina mama wanane waliokuwa na mashamba karibu na pampu, na nikampa kila mmoja kitu kimoja tu. Mama Eliza, mjane mwenye mikono ya kiume na mcheshi kuliko wote, alikuwa wa mrija wa kufyonzea maji. Wawili walikuwa wa boliti za miguuni, mmoja wa tangi la dizeli, wanne wa miti ya kubebea, na Jilo wa kuzima injini. Tulizoezana mchana, wanaume wamekaa kwenye tuta wanatucheka, wanasema tunacheza sinema. Mvua za masika zilipokuja, mto ulipanda alasiri moja, na pampu ya Kulesa ilikuwa juu ya ukingo kabla chai ya Mama Eliza haijachemka. Hakuna aliyecheka tena. Walisema Jilo amefanya kazi nzuri, naye Jilo, nimpe haki yake, aliwaambia, "Ni Naomi alitufundisha."

Na ni mimi niliyemfundisha kutoa hewa. Alikuwa anaiacha injini ijisafishe yenyewe, anazungusha hendeli mpaka anatoka jasho, na ndani ya kile kibanda cha mabati nilimshika mkono nikaupeleka kwenye ile nati. "Hapa, kaka Jilo. Usiwe na haraka ya hendeli. Hapa kwanza." Nakumbuka harufu ya dizeli na ya samaki kutoka jikoni, na nakumbuka alivyocheka injini ilipowaka kwa mzunguko mmoja.

Mwezi wa nane habari ikafika kwamba karakana ya Hola itachukua mwanafunzi mmoja kutoka vijiji vya mtoni, asomee pampu na injini, na akimaliza aajiriwe. Kulesa na Wenje walishindania nafasi hiyo kwenye vikao, na Kulesa ikaipata, kwa masharti kwamba mtu wake apatikane kwa mtihani. Tulijiandikisha wawili, mimi na Jilo. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka ile nafasi. Nililala nikiwaza ovaroli. Nilitaka kupiga magoti kando ya mashine nikiwa na kazi yangu moja ninayoijua, na watu wajue ninaijua, na nisitazame chochote tena kupitia dirisha la sahani.

Jumapili kabla ya mtihani, langalanga ilikuwa na mbio ambazo bado naziona nikifumba macho. Magari mawili ya kijani, ya tajiri mmoja, yalikuwa mbele. La kwanza liliendeshwa na yule dereva wao wa pili kwa cheo, ambaye hakuwa ameshinda mashindano yoyote maishani mwake. La nyuma yake liliendeshwa na nyota. Hakuna aliyekuwa karibu nao. Hata vijana wa mpira walisahau kumsumbua Mama Fatuma, kwa sababu kila mtu anapenda kumwona mtu akishinda kwa mara ya kwanza. Mizunguko ikiwa imebaki mitatu, mtangazaji akabadilika sauti. Abba Godana akageuka. "Binti, nasema nini?"

"Anasema yule wa mbele ameambiwa ampishe mwenzake."

"Kwa nini? Gari yake nagonjeka?"

"Haina kitu, Abba. Ameambiwa tu kwenye redio. Tajiri wao anataka yule wa nyuma apate pointi."

Dereva yule hakupisha mzunguko wa kwanza, wala wa pili, na mtangazaji akasema ameambiwa tena. Kwenye njia iliyonyooka ya mwisho, mstari ukiwa unaonekana, gari lake likapungua mwendo waziwazi, likasogea kando kama mtu anayempisha mgonjwa mlangoni, na yule nyota akapita akashinda. Baadaye walimhoji mshindi. Alimshika mwenzake bega akasema mwenzangu huyu ni mtu wa timu. Nikayatafsiri maneno hayo. Nilidhani Abba Godana atamtukana tajiri, au yule aliyepisha. Watu wote ukumbini walikuwa wanafanya hivyo, nusu wanasema mjinga, nusu wanasema maskini. Yeye aliuliza kitu kingine.

"Na ile mtu ya nyuma? Yeye nasikia?"

"Nini, Abba?"

"Ile redio. Yeye nasikia mwenzake naambiwa, ama yeye nadhani nashinda kweli?"

Nikasema sijui, mtangazaji hakusema. "Hiyo ndiyo maneno," alisema. "Sisi kisimani mtu naweza kupa wewe zamu yake. Lakini nasema kwa mdomo yake, mbele ya watu, na wewe nasema asante. Kama yeye nanyamaza na wewe najua, wewe mwizi." Akaacha kikombe cha tatu hakijaguswa, akatoka kwenda kulitazama lori lake.

Jumanne alasiri Mwenyekiti wa kikundi cha Kulesa alikuja dirishani pangu. Jina lake silitaji. Ameshafariki, na wanawe ni watu wazuri. Aliagiza chai na mahamri mawili, akasubiri wateja wapungue, akaniita mwanangu. Aliposema mwanangu nilijua hajaleta heri.

"Mwanangu Naomi, sisi wote tunajua wewe ni hodari. Hilo halina mjadala. Lakini tuangalie mbele. Wewe ni msichana. Karibuni utaolewa, labda Wenje, labda Ngao, na ujuzi wetu utakuwa umehama."

"Na kama sitaolewa?"

"Usiseme hivyo. Halafu kule Hola utakaa wapi, katikati ya vijana wa karakana? Wazee wameshanong'ona. Ukishinda wewe, watapinga, kutakuwa na kelele, na wale wa Wenje wanasubiri hizo kelele. Nafasi itawaendea. Mwaka ujao kutakuwa na zamu ya pili, nayo ni yako, nakuahidi. Keshokutwa mpishe Jilo. Kwa ajili ya Kulesa."

Akamaliza hamri la pili. Nilimwuliza kama Jilo anajua. Alifuta vidole kwa leso, akasema, "Hayo niachie mimi."

Natamani kuandika kwamba nilimfukuza. Sikumfukuza. Nilichukua kikombe chake nikakiosha. Siku mbili nilibishana naye kichwani, nikamshinda kila mara, lakini kila niliposhinda niliona wazee wa Kulesa wakipinga, watu wa Wenje wakiichukua nafasi, na akina mama wangu wanane wakiulizwa ni nani aliyeharibu. Ndivyo wanavyokushika. Hawakwambii umwachie Jilo. Wanakwambia uwaachie watu wote, kisha wanamweka Jilo mbele ya watu wote.

Mtihani ulifanyika kwenye ukingo wa mto, injini mbili zimewekwa juu ya magunia, na fundi kutoka Hola amekaa kwenye kiti cha kukunja kama mwamuzi. Tulitakiwa kufungua kichwa cha injini, kubadilisha gasketi ya kuziba upenyo wake, kufunga na kuwasha. Nilipanga spana zangu kwa mpangilio wangu, na mikono ikafanya kazi yenyewe; haikuwa imeambiwa chochote na Mwenyekiti. Nilipomaliza kukaza kichwa, Jilo alikuwa bado na boliti mbili. Kilichobaki kilikuwa ile nati ndogo, maana mrija wa dizeli ukifunguliwa nao huingiza hewa. Niliitazama. Ilikuwa mpya, inang'aa, shibiri moja tu kutoka kwenye kidole changu. Kisha nikashika hendeli nikazungusha.

Haikuwaka, bila shaka. Nikazungusha tena. Nyuma yangu nikamsikia Mama Eliza, kwa sauti ya chini kwanza, "Naomi, hewa." Nikazungusha. "Naomi. Hewa, mwanangu." Akina mama wote wanane walijua, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha, na ilibidi niwageuzie mgongo wasinione uso. Jilo akamaliza boliti zake. Akapiga magoti, akalegeza nati yake, akasukuma mpaka povu likaisha, akakaza, akawasha kwa mzunguko mmoja. Muda wote huo hakunitazama. Mtu aliyefundishwa kitu na wewe, akikuona wewe unakikosea mbele ya macho yake, hugeuka akakutazama walau kwa mshangao. Jilo hakugeuka. Fundi wa Hola akaandika kwenye daftari lake na kusema kwa wema kabisa, "Wasichana huwa na haraka, wanasahau vitu vidogo." Mama Eliza hakusema nami kwa wiki tatu, na aliporudi kusema hakuuliza.

Zamu ya pili haikuja mwaka uliofuata wala wowote mwingine. Nilibaki kwa Mama Fatuma hadi mwaka ukaisha, lakini langalanga sikuitazama tena. Abba Godana alinigongea dirisha mara mbili tatu kuuliza wanasema nini, nikasema sisikii vizuri. Baadaye nilifungua kibanda changu cha kutengeneza pampu pale pale Garsen, na hadi leo nakula kwacho. Wakulima wa Kulesa huniletea mashine zilizoshindikana Hola. Kwa hiyo msinionee huruma. Maisha yangu si mabaya. Ninachodai si maisha. Ninachodai ni siku moja, kwenye ukingo ule, ambayo niliishinda.

Basi tuko ukumbini, kicheko kimekwisha, pilau imepakuliwa, na Jilo amesimama kushukuru. Alishukuru Mungu, mke wake, wakubwa wake. Kisha akasema yule msichana aliyetajwa yupo hapa, akanyoosha mkono kwenye meza yangu. Watu wakageuka. Nilidhani atawarekebisha. Akasema, kwa ule upole wake, "Dada Naomi hakusahau. Aliniachia. Alinipa nafasi kwa moyo safi. Huyu ni mtu wa timu." Wakapiga makofi. Bibi aliyekaa jirani yangu alinishika bega akiwa na machozi. Ningeweza kuvumilia kuitwa msahaulifu. Angalau huo ni uongo wa watu wasiojua. Lakini kupigiwa makofi kwa kutoa nilichonyang'anywa kulinifanya nifunike uso kwa viganja, na mshereheshaji, akidhani nimezidiwa na furaha, akaniletea kipaza sauti.

Nikasimama. Nilikuwa na maneno mengi, miaka na miaka nimeyapanga kwa mpangilio kama spana zangu, na yote yakanipotea isipokuwa swali moja ambalo halikuwa hata langu.

"Asante, kaka Jilo. Sikukupa. Mwenyekiti alinijia Jumanne akaniambia nikupishe. Nataka kujua kitu kimoja tu. Wewe ulisikia?"

Mke wa Jilo alimtazama mumewe. Jilo alishika ukingo wa meza kwa ile mikono yake mizuri, akainama kama mtu anayesikiliza injini, na niseme hili kwa ajili yake, hakuchukua muda mrefu.

"Nilisikia," akasema. "Kwangu alikuja Jumatatu."

Nikamrudishia mshereheshaji kipaza sauti chake. Abba Godana ameshalala kaburini miaka mingi, huko ng'ambo ya mto, na mimi ndiye niliyekuwa namtafsiria. Alisikia, Abba. Alisikia kabla ya yule wa mbele.